Ukuta wa Miguu

Rafu ilipoanguka, Kisigino aliokota kalibu kabla ya kumshika mkewe. Vumbi lilitua, majirani waliojazana mlangoni walirudi kwao, mguu ulifungwa plasta. Lakini hilo moja halikutua wala halikuondoka.

Ulikuwa mchana kama michana mingine. Kisigino, fundi viatu, alikuwa ameinamia soli ya kiatu cha mteja, na mkewe alikuwa ameingia kudai mkasi wake ulioazimwa tangu juzi. Chumba kile cha uani kilikuwa karakana tangu walipohamia nyumba hiyo. Ukuta mmoja ulijaa miguu ya mbao kuanzia juu hadi usawa wa kiuno. Zilikuwa kalibu za viatu, kila jozi imefungwa kamba, na kila jozi ilichongwa kwa mguu wa mtu fulani. Rafu zenyewe zilikuwa mbao nene zilizopigiliwa kwenye vigingi vilivyoshindiliwa ukutani. Vigingi hivyo vilikuwa vimeoza kimyakimya kwa unyevu, kama jino linavyooza huku tabasamu likiwa bado zuri. Rafu ya juu iling'oka, ikaikokota ya pili, zikateremka zote na mzigo wao kama kokoto zinazomwagwa na lori.

Mwanamke aliruka. Mwili uliwahi, mguu wa kushoto haukuwahi.

"Mguu wangu! Mama yangu, mguu wangu!"

Kisigino alikuwa ameshafika. Alipiga magoti katikati ya mbao, mkono ukaenda, ukaokota kalibu ya kondakta wa bendi, ambayo ncha yake ilikuwa imekatika. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba pale ilipokatika. Kilikuwa kitambo kidogo tu. Kisha akaiweka pembeni, akaanza kuchakura mbao juu ya mguu wa mkewe huku akiita majirani kwa sauti iliyokwaruza.

Lakini mkewe alikuwa amelala ubavu, shavu sakafuni, na macho yake yalikuwa usawa mmoja na mikono ya mumewe. Aliona kila kitu.

Hospitalini waliambiwa kwamba mifupa ya unyayo imevunjika, na vidole viwili vimesagika. Mguu utapona, daktari alisema, ila usitarajiwe kurudi kama ulivyokuwa.

Binti yao mkubwa alifika akiwa bado na aproni. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti kubwa na machozi ya karibu. Alilia kwanza, akamaliza, kisha akaanza kupanga mambo.

"Mama anakwenda kwangu. Na hicho chumba chako, baba, kifungwe."

"Kikifungwa nitakula nini?"

"Si tupo sisi wanao?"

Alisema kwa mapenzi, lakini yapo mapenzi yanayomvua mtu nguo hadharani. Kisigino alitazama mikono yake, weusi wa gundi uliokaa kwenye kucha tangu ujana wake. Akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, nitaurekebisha ule ukuta. Wiki hii hii."

"Uliokota mbao," mkewe alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa chini ya mzigo wako, nawe ukaokota mbao, ukaitazama kama imeumia."

"Nilikuwa naiondoa njiani."

"Uliipapasa."

Binti alimtazama baba, akamtazama mama, akaanza kufungasha vitu vya mama.

*

Nyumba isiyo na mwenyewe huwa na mwangwi. Kisigino alijipikia uji, ukaungua. Akajipikia wali, ukawa uji. Jirani wa upande wa pili, ambaye hapitwi na neno, alipita uani kila siku akiuliza kwa sauti ya asali, "Mama bado anapumzika kwa binti?" Na Kisigino akajibu, "Anapumzika," akijua kwamba kabla jua halijazama mtaa mzima utajua kwamba amekimbiwa.

Mchana alikaa karakanani miongoni mwa kalibu zilizorundikwa sakafuni. Hakuwa na kazi nyingi. Vijana walimletea raba za plastiki zilizobanduka, wakasimama mlangoni wakimsubiri apake gundi, macho kwenye simu. Mmoja alitazama rundo lile akauliza, "Babu, kumbe unachonga na vinyago?"

"Hii ni miguu."

"Ya nani?"

Kisigino alifungua mdomo amweleze, akaona kijana ameshainamia simu tena. Akapaka gundi.

Ya nani! Zamani swali hilo lisingeulizwa. Zamani, shule zilipokaribia kufunguliwa, foleni ilitoka chumba hicho, ikavuka ua, ikafika barabarani. Watoto walikanyaga karatasi ya kaki mmoja baada ya mwingine, wakicheka kwa mtekenyo wa kalamu ya risasi, huku mama zao wakipiga kelele, "Acha nafasi ya kukua, fundi! Huyu anakua kama mgomba!" Mkewe ndiye aliyekuwa akizunguka na karatasi zile. Yeye ndiye aliyewatuliza watoto, akawavua soksi, akawaambia, "Kanyaga kwa uzito wote, usiibe." Jioni walikaa wawili kwenye benchi, yeye akikata ngozi, mkewe akitia nta kwenye uzi, na chumba kilinuka ngozi mbichi na jasho la watoto wa watu. Walicheka sana siku hizo. Kisigino hakukumbuka hasa walikuwa wakicheka nini. Alikumbuka kicheko tu, jinsi mkewe alivyokuwa akiegemea ukuta ule akishika mbavu.

Jina lenyewe la Kisigino lilitoka humo. Alizoea kuwaambia wateja, "Kiatu ni kisigino, mengine ni mapambo," mpaka wakamwita hivyo, na mkewe wakamwita Mama Kisigino, na jina la ubatizo la kila mmoja likabaki kwenye kitambulisho.

*

Aliyekuja kuutazama ukuta alikuwa Timazi, mwashi, rafiki yake wa ujana. Aliitwa Timazi kwa sababu kuta zake zilisimama wima kama timazi, ule uzi wa mwashi wenye jiwe, ingawa yeye mwenyewe alitembea ameinama upande mmoja kama mti uliopigwa na upepo. Alipita kando ya ukuta akiugonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama daktari anayesikiliza kifua. Kila alipogonga, ukuta ulimjibu kama debe tupu.

"Huu si ukuta," alisema hatimaye. "Hili ni pazia. Nani aliyejenga uchafu huu?"

"Wewe."

Timazi alirudi nyuma hatua moja, akautazama upya.

"Mimi?"

"Wewe na marehemu kaka yako. Mlikuwa mnaimba siku nzima."

"Ah." Alijikuna kidevu. "Siku hizo saruji ilikuwa adimu kama ukweli. Tofali moja lilinusishwa saruji tu, likapita." Wakacheka wote wawili, na kwa Kisigino kilikuwa kicheko cha kwanza tangu mkewe aondoke. "Lakini usinidharau. Pale juu, chini ya paa, niliweka mkanda wa zege. Ule haukupunjwa saruji. Ule mpaka leo unaweza kubeba tembo."

Siku iliyofuata Timazi alirudi akisukuma mkokoteni. Ndani yake mlikuwa na reli ndefu za chuma zenye matundu kutoka juu hadi chini, pamoja na mikono ya chuma ya kupachika kwenye matundu hayo. Kisigino alizitambua kabla mkokoteni haujasimama.

"Hizi ni za duka kubwa la viatu!"

"Zilikuwa. Limekodiwa na muuza simu, nami nimepewa kazi ya kubomoa ndani. Walikuwa wanazitupa."

Kisigino alishika reli moja. Zamani viatu vyake vilikaa juu ya rafu hizi, nyuma ya kioo, kwenye barabara kuu. Jumapili yeye na mkewe walikuwa wakipita pale makusudi, wamevaa vizuri, wakijifanya wapita njia, na mkewe akisimama na kusema kwa sauti, ili watu wasikie, "Jamani, viatu hivi amevishona nani? Mikono yake haijambo!" Siku ya mabuti mwenye duka aliinua rafu, siku ya ndara aliishusha. Unachomoa mkono wa chuma tundu hili, unaupachika tundu lile, basi.

"Nitazifunga reli juu kwenye mkanda wa zege," Timazi alieleza, "na chini zikanyage gogo sakafuni. Huu ukuta wa katikati tutauomba uzishike tu zisicheze, tusiutwike kitu. Lakini, rafiki yangu." Akaelekeza kidevu kwenye rundo. "Hizi zote hapana."

"Zote zilikuwa hapo miaka na miaka."

"Na zote zikaanguka."

"Weka reli nyingine hapa pembeni."

"Pembeni pale ukuta umevimba kwa maji, hata msumari wa picha utakataa. Chukua nusu. Chini ya nusu."

"Timazi, hawa ni watu. Nimchague nani nimwache nani?"

Mwashi alishusha reli aliyokuwa ameishika. "Sawa. Tuzitundike zote. Halafu mwite mkeo aje asimame chini yake."

Kisigino alikaa juu ya benchi. Kisha akavuta jozi ya kwanza kutoka kwenye rundo, akaipangusa vumbi kwa kiwiko.

*

Wenye kuhitaji viatu bado aliwaweka upande mmoja. Hawakuwa wengi. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu mwenye mguu mfupi, mama muuza mkaa mwenye kidole cha sita, na wachache wengine ambao dukani hawapati kinachowaenea. Waliobaki walikuwa wamehama, wamehamia raba, au wamekufa. Kuwatia motoni hakuweza. Akaamua kuwarudisha kwao.

Alitembea mitaani na gunia begani. Golikipa wa zamani, siku hizi mtu wa tumbo kubwa, alimpokea kwa vifijo, akajaribu kulinganisha kalibu na mguu wake uliovimba, akawaita wajukuu. "Njooni muone! Mguu huu ndio uliozuia mabao yote yale!" Wajukuu walitazama kile kimguu chembamba cha mbao, wakamtazama babu, wakacheka mpaka wakalala chini, naye akacheka kuliko wao. Alipomsindikiza Kisigino hadi barabarani alikuwa ameikumbatia ile jozi kama mtoto.

Si kote kulikuwa hivyo. Kwenye nyumba moja yenye geti la chuma, mwanamke alisikiliza nusu ya maelezo, akarudi nyuma. "Mguu wa mama mkwe wangu? Marehemu? Unaletwa hapa na nani, umetumwa na nani?"

"Hapana, mama, ni kalibu tu ya ki..."

"Toka! Toka na uchawi wako kabla sijaita watu!"

Mlinzi alimsindikiza Kisigino kwa kumshika kwapa, na gunia likagonga geti likatoa sauti. Watu waligeuka kutazama. Alitembea taratibu, kwa makusudi, ili asionekane anakimbia.

Kwa mjane wa kondakta wa bendi alifika akiwa amechoka. Alikaribishwa kiti na maji. Mjane alipokea jozi ile kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. Kiganja chake kilipita juu ya mgongo wa ule mguu, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye nundu ya kidole kikubwa, na pale kikatulia, kama mtu aliyefika nyumbani gizani na kukuta kitasa mahali pake.

"Kidole hiki kilimtesa," alisema. "Akisimama mbele ya bendi saa nzima, akirudi nyumbani mimi na maji ya moto, mimi na chumvi. Viatu vyako ndivyo vilivyomwokoa." Akaigeuza ile nyingine. "Na hii, ncha yake imekwenda wapi?"

"Ilivunjika. Rafu iliangukia mguu wa mke wangu."

"Lahaula! Anaendeleaje?"

"Yuko kwa binti."

"Nakuuliza anaendeleaje."

Kisigino alitazama maji kwenye gilasi. "Plasta inatolewa wiki hii. Nasikia."

"Unasikia." Mjane aliiweka kalibu mezani polepole. "Yaani wewe, mwanamume, una mguu wa kweli uliovunjika, wenye damu na joto, nawe unazunguka mitaani unagawa ya mbao?"

"Nataka kwanza ukuta..."

"Ukuta hauna masikio wala moyo, utakusubiri. Mimi ningepewa leo mguu ule wa kweli, na nundu yake na harufu yake, niukande mara moja tu, ningetoa nyumba hii." Alisimama. Hakuwa amekasirika, macho yake yalikuwa yamelowa. "Nashukuru kwa zawadi. Sasa nenda."

*

Nyumba za wafanyakazi wa shule zilikuwa nyuma ya jiko kubwa. Binti alimfungulia mlango, akaona karatasi ya kaki iliyokunjwa kwapani na kalamu ya risasi sikioni, akampisha.

Mkewe alikuwa amekaa kando ya dirisha, mguu umewekwa juu ya stuli. Plasta ilikuwa imetoka. Mguu ulikuwa umesinyaa, ngozi imepauka, vidole viwili vimepandana, na unyayo umetanuka upande mmoja kama unga uliokandwa ukaachwa. Kando ya kiti kulikuwa na viatu vipya vya dukani, ambavyo binti alikuwa amenunua. Cha kulia kilikuwa kimevaliwa. Cha kushoto kilikuwa hakijaingia.

"Leo umepotea njia?" mkewe alisema.

"Nimekuja kukupima."

"Si nimesikia unagawa miguu mitaani? Umeishiwa?"

Kisigino alitandika karatasi sakafuni. Akapiga magoti, kwa tabu, mkono mmoja kwenye ukingo wa kiti. Mlangoni wapishi wenzake na binti yao walikuwa wamesimama wakichungulia na miko mikononi. Alijua wapo, hakugeuka.

"Niliokota mbao," alisema akitazama chini. "Sikuwa naiondoa njiani. Mkono ulikwenda ulikozoea kwenda. Nimeuona mwenyewe ukienda."

Nje sufuria ilianguka, mtu akacheka.

"Najua," mkewe alisema. "Ungekuwa umefanya makusudi ningekutukana, yakaisha. Mazoea ndiyo yaliyoniuma. Miaka yote hii, na mkono haujazoea kuja kwangu."

Kisigino aliuinua mguu ule kwa viganja vyote viwili, akauteremsha juu ya karatasi kama mtu anayeweka yai. Mkewe alikunja uso kwa maumivu, akakanyaga kwa uzito wote. Kalamu ilianza safari kwenye kisigino, ikafuata mfupa, ikapinda mahali ambapo hapakuwa na pindo zamani.

"Isimamishe wima hiyo kalamu," mkewe alisema. "Unanipunguza."

"Ni wima."

"Imelala. Siku hizi huoni."

Ilipofika kwenye unyayo mkewe aliruka kidogo, akatoa sauti kupitia puani. Kisigino aliinua macho haraka kuona kama ni maumivu. Ulikuwa mtekenyo. Mkewe aligeuza uso dirishani ili asionekane, lakini mabega yake yalimsaliti.

"Baba," binti alisema kutoka nyuma, sauti imebadilika, "utakula kabla hujaondoka."

Alipokuwa akikunja karatasi mkewe alimwambia, "Sirudi kukaa chini ya ule ukuta."

"Usikae. Njoo uujaribu mwenyewe kwanza. Ukiukataa, naukataa na mimi."

*

Timazi alianzia juu. Alipanda kwenye meza ya kukatia ngozi, akakwangua lipu mpaka mkanda wa zege ukajitokeza na rangi yake ya kijivu. "Huyu ndiye mwenye nyumba," alisema akiugonga. "Hao wengine wote ni wapangaji." Kisha akawasha drili. Aliangalia vumbi kuliko alivyoangalia tundu. Likitoka la kijivu alikubali kwa kichwa. Likitoka jekundu alisonya na kuhama, maana hapo ameingia kwenye tofali la siku zile za kuimba.

Aliingiza vizibo vya plastiki kwenye matundu, akaifunga reli ya kwanza kwa skrubu moja tu, ya juu, akaiachia. Reli ilining'inia, ikapepesuka kidogo, ikatulia.

"Unaona? Sijaipima. Imejipima yenyewe." Ndipo akatia alama za skrubu nyingine. Reli ya pili waliiweka kwa pimamaji, Kisigino akishika upande huu, Timazi upande ule, wakibishana kuhusu kipovu cha hewa ndani yake kama watoto.

"Kimekwenda kwako."

"Kiko katikati. Miwani yako ndiyo imekwenda."

Chini ya kila reli waliweka gogo gumu. Mikono ya chuma iliingia kwenye matundu, na kila mmoja Kisigino aliugonga kwa nyundo ya mbao mpaka ukauma. Mbao za rafu hazikulazwa tu juu yake. Zilifungwa skrubu kutoka chini zisiteleze, na mbele akapigilia ukingo mwembamba ili hakuna mguu utakaotembea wenyewe. Kalibu nzito zilikaa chini, nyepesi juu. Walipomaliza, ukuta ulikuwa na nafasi nyingi tupu, na Kisigino alisimama akizitazama kama mtu anayetazama viti baada ya wageni kuondoka.

"Inauma?" Timazi aliuliza.

"Inauma. Lakini napumua."

Kisha akafunga mlango, akachonga mguu wa mkewe. Alichukua kipande kikavu cha mti mgumu, akakipunguza kwa kisu na tupa, akaongeza vipande vya ngozi pale mfupa ulipotoka, akaona hapana, akakitupa, akaanza upya. Zamani alijivunia kwamba hachongi mara mbili. Huu aliuchonga mpaka vidole vikamfa ganzi. Viatu vyenyewe vilitoka vya kahawia, ngozi laini isiyo na mshono pale penye jeraha, na cha kulia alikinenepesha kidogo kwa ujanja, ili mtu asijue upi ulioumia.

*

Mkewe alikuja na binti aliyebeba begi. Begi hilo lilikuwa dogo, na Kisigino aliliona. Lilikuwa begi la mtu ambaye hajaamua.

Alimvalisha viatu pale pale kizingitini, mbele ya jirani asiyepitwa na neno. Mkewe alisimama, akahamisha uzito polepole, kulia, kushoto. Alitembea hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Hakusema ni vizuri wala vibaya. Aliingia karakanani, ambamo Timazi alikuwa akikusanya zana zake.

Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda kwao."

"Wote?"

"Waliokuwa na kwao."

Aligusa reli kwa kidole. Akaitikisa kwa mkono. Kisha, kabla mtu hajajua anafanya nini, alishika mikono miwili ya chuma kwa mikono yake miwili, akakunja magoti, akaning'inia. Miguu yote miwili ilitoka sakafuni, mwanamke mdogo aliyening'inia ukutani katika viatu vipya.

"Mama!" binti alipiga ukelele.

"Shemeji, mguu! Shemeji, utaniua!" Timazi alisema.

Kisigino hakupiga kelele. Alikuwa ameshasogea, mikono yake iko wazi pande mbili za kiuno cha mkewe, karibu bila kugusa, ikingoja. Kalibu za chini ziligongana kidogo. Reli hazikulalamika. Mkewe alining'inia mpaka aliporidhika, akageuza shingo, akaiona mikono ile, akaitazama kitambo. Ndipo akajiachia ndani yake, akatua kwa mguu mzima kwanza.

"Na mimi uko wapi mguu wangu?" aliuliza akitengeneza nguo.

Kisigino alionyesha juu, rafu ya mwisho, jozi iliyokaa peke yake. "Nimekuweka juu kabisa. Mahali pa heshima."

"Juu nikafanye nini, mimi ni nyuki? Niteremshe. Daktari amesema mguu huu bado utageuka. Leo utavimba, kesho utanywea. Utakuwa unanipima na kunichonga mpaka uchoke." Alivuta stuli, akakaa mahali pake pa zamani, karibu na dirisha, akaunyoosha mguu. "Shusha rafu hiyo ya kati, unikalishe hapo. Ifike mkono wangu unapofika."

Binti alifungua mdomo, Timazi akamkanyaga kidogo. Kisigino aliondoa kalibu zilizokuwa juu yake, akafungua skrubu, akatoa ubao, akaichomoa mikono ya chuma, akaipachika tundu la chini. Mkewe alinyoosha mkono akiwa amekaa. Haukufika.

"Bado."

Akachomoa, akashusha tena.

"Bado. Unaniogopa? Shusha."

Akashusha. Mkewe alinyoosha mkono, na kiganja kikatua juu ya chuma bila kujivuta.

"Hapo," alisema, na Kisigino akachukua nyundo ya mbao, akaishindilia ile mikono ya chuma.